Shangazi alipigwa eksrei akagoma kumbeba mjukuu: tuongee kuhusu mionzi na jinsi inavyopimwa

Shangazi yangu alikuja Dar kutoka Songea, nyonga ilikuwa inamsumbua muda mrefu, tukampeleka hospitali akapigwa eksrei tukarudi nyumbani. Ana mjukuu wa miezi saba ambaye hapa ndani hana pengine pa kulala zaidi ya kifua cha bibi yake. Siku hiyo bibi akagoma kumbeba. Akahamia chumba cha nyuma, akaomba sahani yake na kikombe chake peke yake, mtoto analia huku na yeye machozi yanamlenga kule, siku tatu nzima. Nilipomuuliza akanijibu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi nimepigwa mionzi, nisije nikamwambukiza mtoto."

Niliumia kweli, kwa sababu ile ilikuwa hofu ya upendo, na hakuna mtu pale hospitali aliyemwambia neno moja la kumtoa hofu. Halafu nikagundua hayuko peke yake. Kwao Songea ni jirani na Namtumbo, na tangu mtambo wa majaribio wa kuchakata madini ya urani ya Mto Mkuju uzinduliwe Julai 2025 maswali ni mengi, kwenye magrupu ya WhatsApp utakuta sauti imetumwa mara elfu inachanganya simu, minara, eksrei, bomu la Hiroshima na mahindi ya Ruvuma kwenye chungu kimoja. Neno letu "mionzi" linabeba vitu vingi mno, ndo maana tunachanganyikiwa, sio kwamba watu hawana akili.

Basi tuanzie jikoni.

Washa jiko la mkaa. Ukikaa karibu unasikia joto usoni. Lile joto linalokufikia, hiyo ndo mionzi. Kaa lenyewe linalowaka, hicho ndo kitu chenye unururifu, yaani kitu kinachotoa mionzi chenyewe bila kuwashwa. Na jivu likipeperuka likakukaa kwenye nywele, kwenye nguo, au ukalivuta puani, huo ndo uchafuzi. Ni mambo matatu tofauti. Ukiota moto kisha ukaondoka, hauendi na moto mwilini, hauwezi kumuunguza mtu wa chumba cha pili kwa sababu wewe uliota moto asubuhi. Lakini ukiondoka na makaa mfukoni, hapo kweli utaunguza wewe na utakayekutana naye.

Mashine ya eksrei haina hata kaa ndani yake. Ni umeme. Akibonyeza inatoa mionzi kwa sehemu ndogo ya sekunde, akiachia imekwisha, kama taa, ukizima swichi hakuna mwanga unaobaki umejificha kwenye ukuta. Shangazi alitoka pale hana kitu chochote cha kumpa mjukuu zaidi ya maumivu yake ya nyonga.

Sasa kwa nini kuna vitu vinatoa mionzi vyenyewe? Kila kitu, jiwe, maji, mimi na wewe, kimejengwa kwa atomu, na katikati ya kila atomu kuna kiini, na viini vingi vimetulia tu milele. Vingine vimeshindiliwa vibaya, kama gunia la mkaa lililojazwa lumbesa, kamba zimekaza, na wakati wowote linaweza kuachia kitu ili lipumue. Kiini kikiachia kinatupa nje chembe au mshindo wa nishati, na chenyewe kinageuka kuwa kitu kingine, urani baada ya hatua nyingi sana inaishia kuwa risasi, ile metali ya risasi. Huko kuachia ndo unururifu.

Mtu wa kwanza kuliona hili ni Henri Becquerel, Paris, mwaka 1896. Alifunga sahani za picha, vile vioo vya kupigia picha vya zamani, kwenye karatasi nyeusi, akaweka chumvi ya urani juu yake, alitaka kuziweka juani lakini siku zile mawingu yalitanda, akazifungia kwenye droo. Alipozisafisha akakuta zimeungua picha ya ile chumvi, gizani, bila jua. Baadaye Marie Curie akalipa jambo hilo jina, na mwaka 1898 yeye na mumewe Pierre wakagundua poloniamu na radiamu. Madaftari yake ya kazi mpaka leo yanatoa mionzi, yanatunzwa kwenye maboksi yenye risasi. Pale kwenye karatasi pamebaki jivu lenyewe, ndo maana.

Vinavyotupwa nje na kiini ni vya aina tatu za kukumbuka. Alfa ni chembe nzito, haifiki mbali, karatasi inaizuia, hata ngozi yako ya juu inaizuia, lakini ukiivuta na vumbi ikakaa kwenye mapafu ndo mbaya kuliko zote kwa sababu inamaliza nguvu zake zote pale pale. Beta ni nyepesi, inapenya kidogo, bati la alumini la milimita chache linaitosha. Gama haina uzito, ni ndugu wa mwanga na eksrei, hiyo inapita mwilini kama haikuoni na kuizuia unahitaji risasi au zege nene. Zote zinafanana kitu kimoja, zina nguvu za kung'oa elektroni kwenye atomu zinazopita, na zikifanya hivyo ndani ya mwili zinaweza kuharibu vinasaba ndani ya seli. Mwili unakarabati sehemu kubwa ya uharibifu huo, lakini ukiwa mwingi kwa mara moja unashindwa, na ukikarabati vibaya unaweza kuja kuwa kansa miaka mingi baadaye.

Na hapo ndo simu inapotoka kwenye hii stori. Mawimbi ya simu, ya mnara, ya redio, ya microwave, ya Wi-Fi, hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu. Ya microwave yanapasha maji yaliyomo kwenye chakula, basi. Kwa Kiswahili tunayaita yote mionzi, na hata mwanga wa jua tunauita mionzi, na hatukosei, lakini ukisikia urani na eksrei zinatajwa ujue ni ile inayong'oa, na ukisikia mnara ujue ni nyingine kabisa.

Kuna kitu watu wanauliza sana, kwamba urani inadumu mabilioni ya miaka, si ndo hatari zaidi? Hapa ubongo wetu unatupeleka kinyume. Chukua sufuria ya bisi. Huwezi kujua punje ipi itapasuka sasa hivi, ila ukizitazama zote kwa pamoja unajua baada ya muda fulani nusu zitakuwa zimepasuka. Kwa viini, muda huo wa nusu yake kupasuka tunauita nusu-maisha. Ayodini 131 (hiyo namba ni ya kutofautisha aina za kitu kimoja) nusu-maisha yake ni siku 8, siziamu 137 ni miaka 30, radiamu ni miaka 1,600, urani 238 ni miaka bilioni 4.5, karibu sawa na umri wa dunia. Sasa fikiria sufuria mbili zenye punje sawa, moja bisi zake zinamalizika kwa dakika tano na nyingine zinapasuka moja moja kwa miaka na miaka. Ipi inakupiga usoni ukifungua mfuniko? Gramu moja ya urani 238 viini kama 12,400 vinaachia kila sekunde, inasikika nyingi, lakini gramu moja ya radiamu ni bilioni 37 kila sekunde. Kinachodumu sana kinatoa polepole. Kinachoisha haraka kinatoa kwa fujo halafu kinaisha. Vya katikati kama siziamu ndo vinasumbua, vina ukali wa kutosha na vinakaa umri wa mtu mzima.

Hiyo hesabu ya "viini vingapi kwa sekunde" ndo kipimo cha kwanza, kinaitwa bekereli, kwa jina la yule wa kwenye droo. Bekereli moja ni kiini kimoja kimeachia kwa sekunde moja. Ni kipimo kidogo sana, ndo maana namba zake zinatisha. Ndizi moja mbivu ina kama bekereli 15, kwa sababu ya potasiamu, na kwenye potasiamu ya asili kuna kipande kidogo cha potasiamu 40 chenye unururifu. Mwili wa mtu mzima una kama bekereli 4,000 za hiyo hiyo potasiamu 40. Wewe unayesoma hapa, sasa hivi, maelfu ya viini vinaachia ndani yako kila sekunde, na ndivyo ilivyokuwa kwa babu yako na babu yake. Na watu wa Bukoba wanaokula ndizi kila siku hawajazi mionzi, potasiamu ikizidi mwili unaitoa kwenye mkojo.

Kwa hiyo mtu akikuandikia "imepatikana bekereli 200!" bado hajakwambia kitu. Mia mbili kwenye nini, kwenye kilo moja ya unga au kwenye meli nzima ya unga?

Na hata ukijua hilo bado hujui madhara. Hapa nachukua pilipili. Idadi ya pilipili zilizoko kwenye kikapu sokoni ndo bekereli, zipo nyingi lakini kikapu kiko kule na wewe uko huku. Kiasi kilichokufikia kweli, kikaingia, hicho kipimo chake kinaitwa grei, ni nishati iliyomezwa na kila kilo ya mwili. Sasa je, iliyokufikia ni pilipili hoho au pilipili kichaa? Kiasi ni kile kile, moto wake haulingani, na kwa mionzi alfa inahesabiwa kuwa na madhara mara 20 ya gama kwa kiasi hicho hicho. Halafu imekupata wapi, kwenye kiganja au kwenye jicho? Uboho, mapafu na tumbo vinaathirika zaidi kuliko ngozi. Ukishazidisha hayo yote, aina na mahali, unapata sieverti, na hiyo ndo namba inayojibu swali ambalo sisi wote tunauliza, "nitadhurika kiasi gani?"

Sieverti moja nzima ni kubwa mno, ukiipata kwa mara moja unaanza kutapika na damu inaharibika, na sieverti 4 hadi 5 kwa mara moja mwili mzima, bila matibabu, nusu ya watu wanakufa. Kwa hiyo maisha ya kawaida tunahesabu milisieverti, ambayo ni moja ya elfu, na maikrosieverti, moja ya milioni. Ukikosea neno hilo moja umekosea mara elfu, na hii nimeiona kwenye meseji nyingi zinazosambazwa, mtu kaandika sieverti pahali pa maikrosieverti na mtaa mzima haulali.

Wastani wa dunia, kila mtu anapata kama milisieverti 2.4 kwa mwaka kutoka kwa asili tu. Zinatoka ardhini, zinatoka angani kwenye nyota, zinatoka kwenye chakula, na karibu nusu yake inatoka kwa gesi ya radoni inayotoka kwenye miamba na udongo, tunaivuta ndani ya nyumba. Kuna sehemu zina zaidi. Kilima cha Mrima kule Kwale, Kenya, kina thoriamu nyingi na mionzi yake ya asili iko juu ya kawaida, mawe ya fosfeti ya Minjingu ambayo tunayatumia kwenye mbolea yana urani kidogo ndani yake, na mtu wa Arusha anapata mionzi ya angani kidogo zaidi ya mtu wa Dar kwa sababu tu yuko juu. Eksrei ya kifua ni sehemu ya kumi ya milisieverti au chini ya hapo. Siti skani ya tumbo inafika kama 10, na hiyo ndo sababu daktari mzuri haiandiki ovyo ovyo, na wewe una haki ya kumuuliza kama kweli inahitajika. Mfanyakazi wa mionzi kikomo chake ni wastani wa milisieverti 20 kwa mwaka. Sisi wananchi, mbali na asili na matibabu, kikomo ni 1.

Chini ya milisieverti 100 wanasayansi wanapata shida kuyaona madhara kwa sababu kansa za kawaida ni nyingi na hiyo nyongeza ni ndogo inapotelea humo. Lakini sheria duniani zinachukulia kwamba kila kiasi kina hatari yake ndogo, kwa tahadhari, na mimi naona ni busara, ila tahadhari hiyo isigeuke kuwa ya kumfungia bibi chumbani.

Sasa vifaa. Kile kinacholia tik tik kwenye filamu ni kipimo cha Geiger. Hans Geiger alianza nacho Manchester, Uingereza, mwaka 1908 akiwa na mwanasayansi Rutherford, na 1928 akakiboresha na mwanafunzi wake Müller. Ndani kuna bomba lenye gesi na umeme mkubwa, chembe ya mionzi ikipita inang'oa elektroni kwenye gesi, umeme unaruka, unasikia tik. Ukikiwasha sebuleni kwako kitalia, tik… tik tik… tik, bila mpangilio, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati. Watu wakiona hivyo kwenye video wanashtuka. Kingenyamaza kabisa ndo ningehisi kimeharibika, kwa sababu mionzi ya asili iko kila mahali.

Mara nyingi kinaonyesha namba kama 0.1 maikrosieverti kwa saa. Hilo "kwa saa" ni muhimu sana. Ni kama bodaboda, kuna kasi na kuna kilometa ulizokwenda. Spidi 80 kwa dakika moja haikufikishi Morogoro. Zidisha 0.1 kwa saa 8,760 za mwaka unapata maikrosieverti 876, haifiki hata milisieverti moja. Ukiletewa namba ya kasi uliza umekaa hapo muda gani, ukiletewa jumla uliza ni ya muda gani.

Ila Geiger anahesabu tu, hajui anahesabu nini. Hawezi kukwambia kama ni potasiamu ya ndizi au siziamu ya ajali ya nyuklia. Ndo maana chakula hakipimwi kwa kupitisha kile kifaa juu ya gunia. Sampuli inapelekwa maabara, inafungiwa kwenye boksi zito la risasi ili mionzi ya ukutani na ya angani isiingilie, na inawekwa mbele ya kipande cha gerimaniamu kilichopozwa sana, mara nyingi kwa naitrojeni ya maji. Kila kitu kinatoa gama ya nguvu yake maalumu, kama watu na sauti zao, ukimsikia shangazi uani unajua ni yeye hata kama hujamwona, na ile mashine inakwambia hii ni siziamu 137, hii ni potasiamu 40, na hii ni bekereli ngapi kwa kilo.

Kwetu Tanzania kazi hiyo iko kwa Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC. Ilianza kama Tume ya Mionzi ya Taifa kwa sheria ya mwaka 1983 na kubadilishwa kwa sheria namba 7 ya 2003. Wafanyabiashara wanaoingiza chakula wanaijua kwa sababu ya cheti cha mionzi, na wengi wananung'unika, mchele nao unapimwa mionzi kwa ajili gani? Sababu ni ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, kule Ukraine, 26 Aprili 1986, siziamu ilipeperushwa na upepo ikaangukia mashamba na malisho ya Ulaya nchi nyingi, ikaingia kwenye majani, kwenye ng'ombe, kwenye maziwa. Hapo jivu lilifika mezani. Nusu-maisha ni miaka 30, kwa hiyo ile ya 1986 bado zaidi ya theluthi moja ipo.

Na hili la jivu nataka tukae nalo kidogo, maana ndo penye hatari ya kweli kwa watu wa kawaida, na limewahi kutokea mtaani kabisa, sio kwenye kinu. Goiânia, Brazil, Septemba 1987. Kliniki ya matibabu ya kansa ilihama na kuacha mashine kwenye jengo bovu. Vijana wawili wa kuokota chuma chakavu wakaing'oa, wakaivunja, wakaiuza kwa mnunuzi wa skrepa. Ndani mlikuwa na kama gramu 93 za chumvi ya siziamu 137. Usiku yule mwenye skrepa akaona ile unga inang'aa bluu, akaona ni kitu cha ajabu, akaipeleka ndani, akawagawia ndugu na marafiki, wengine wakajipaka mwilini. Mtoto wa kike wa miaka sita aliicheza sakafuni na akala chakula na mikono ile ile. Mke wa mwenye skrepa ndo aliyeona watu wote wanaugua pamoja, akachukua mabaki kwenye mfuko, akapanda basi akapeleka kwa watu wa afya, na bila yeye wangekufa wengi zaidi. Yeye na yule mtoto ni kati ya watu wanne waliofariki. Watu kama 112,000 walipimwa uwanja wa mpira, na 249 wakakutwa na siziamu.

Nawaza vijana wetu wa skrepa kila nikikumbuka hii. Kwa hiyo nawaomba, alama ya mabawa matatu yanayozunguka duara, mara nyingi nyeusi kwenye njano, ukiiona kwenye chuma kizito kisichoeleweka usikate, usifungue, usibebe. Sogea mbali, zuia watu, toa taarifa polisi au TAEC. Umbali peke yake unasaidia mno, kama jiko tu, ukienda mara mbili ya umbali mionzi inapungua kuwa robo.

Upande wa pili wa mfano huo uko Zanzibar, na unanipa raha. Unguja ilikuwa na mbung'o wanaoua ng'ombe kwa nagana. Miaka ya 90 wakafugwa mbung'o Tanga, madume yakapigwa mionzi ya gama yakawa tasa, yakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja kwa mamilioni. Jike la mbung'o likishapandwa mara moja kwa kawaida halirudii, kwa hiyo likikutana na dume tasa uzao umeisha. Mbung'o wa mwisho alikamatwa 1996, na mpaka leo Unguja haina. Wale madume walipigwa mionzi mingi kuliko eksrei yoyote, na hawakuwa na mionzi ndani yao hata chembe. Walioteshwa moto, hawakupewa kaa.

Kuna wagonjwa wachache ambao wanapewa kaa kweli, na lazima niliseme hili ili nisiwadanganye. Mgonjwa wa tezi la shingo akinyweshwa ayodini 131, au anayechomwa dawa ya teknishiamu ili kupigwa picha ya mifupa, yeye anatoa mionzi kwa muda. Ya teknishiamu inapungua nusu kila saa 6, kesho yake karibu imekwisha. Ya ayodini ni siku kadhaa, na ndo maana anaambiwa asibebe watoto, asikae karibu na mjamzito, alale peke yake. Mtu aliyepigwa tiba ya mionzi ya nje kwa mashine, kama wanavyofanya hospitali ya kansa ya Ocean Road, hayumo humo, mkumbatie, anakuhitaji. Na mama ukiwa na mimba au unahisi unayo, mwambie mtu wa eksrei kabla hajabonyeza.

Tukirudi Namtumbo. Urani iliyoko kwenye mwamba wa kule ni chini ya asilimia 0.1 ya mwamba wenyewe, tofauti sana na mgodi wa Shinkolobwe kule Katanga, Kongo, ambako sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka na mawe yake yalikuwa tajiri ajabu. Unga wa njano unaotoka kiwandani hauwezi kulipuka, asilimia 0.7 tu ya urani ya asili ndo ile aina ya 235 inayowaka kwenye kinu, na bomu linataka karibu 90. Kwa hiyo bomu sio swali la mwananchi wa Ruvuma. Maswali yake ni ya vumbi, radoni, maji na mabaki. Wachimbaji wa urani wa zamani sehemu nyingi duniani walipata kansa ya mapafu kwa kuvuta radoni kwenye mashimo yasiyo na hewa. Urani yenyewe pia ni sumu kwa figo, kikemia tu, hata ingekuwa haina mionzi. Na mchanga uliokamuliwa urani unabaki na radiamu yake, ile ya miaka 1,600. Kwa hiyo anayeishi kule aulize maji ya kisima yalipimwa kabla mgodi haujaanza yakawa na kiasi gani, yanapimwa mara ngapi sasa, na majibu yanabandikwa wapi. Bila namba ya kabla, namba ya baadaye haina cha kulinganishwa nacho, na hilo ni jambo la kudai sasa hivi, kabla ya miaka kupita.

Haya yote, kwa kifupi zaidi na kwa jiko la mkaa likiwa mbele yetu, nilimwambia shangazi siku ya tatu jioni. Alinyamaza anachochea makaa. Nikafikiri hajanielewa. Kisha akaniuliza, "Sasa yule kijana aliyenipiga picha, mbona yeye alikimbilia nyuma ya ukuta? Kama haina shida alikuwa anakimbia nini?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nikamwambia shangazi, wewe umeota moto mara moja, yeye anawasha jiko hilo mara arobaini kwa siku, miaka ishirini. Ndo maana ana ukuta, na ndo maana alikuwa na kile kibeji kifuani. Watu wanadhani kile kibeji kinamkinga, hakimkingi hata kidogo. Ndani kuna vijiwe vidogo vinavyotunza kumbukumbu ya mionzi iliyovipata, vikipelekwa maabara vikipashwa joto vinatoa mwanga, na wingi wa mwanga ndo unaosema kijana amepata kiasi gani kwa miezi hiyo. Kikizidi anatolewa kwenye chumba kile.

"Kwa hiyo wanamhesabia," akasema.

Nikamwambia ndio, wanamhesabia.

Akanawa mikono, akajifunga kanga vizuri, akasema mleteni mtoto.